Pasaka ya Wagiriki Ilivyofika Kwetu

Mwaka 2024, Pasaka ya Machi 31 ilikuwa imeshasahaulika hapa Eldoret jirani yangu alipoanza kupaka mayai rangi nyekundu. Ilikuwa Mei 5, na yeye ni Mluhya Mworthodoksi kutoka Bunyore. "Shika lako, ugonge langu," aliniambia. Langu likapasuka, akacheka: bahati ya mwaka ni ya mwenye yai zima. Mwaka 2025 Pasaka zote mbili ziliangukia Aprili 20; mwaka 2026 zikaachana tena kwa wiki moja. Swali ninalosikia kila mara ni hili: dini ya Wagiriki ilifikaje kwa Waluhya?

Wagiriki hawakuileta. Wengi wao walikuja Afrika Mashariki kufanya biashara na kulima mkonge Tanganyika. Kuhubiria wenyeji hakukuwa shughuli yao. Waafrika ndio waliowafuata.

F. B. Welbourn, katika kitabu chake cha 1961, East African Rebels, anaanzia kwa Reuben Mukasa Spartas, Muganda aliyejitoa katika kanisa la Anglikana mwaka 1929. Alitaka kanisa ambamo Mwafrika yuko huru katika nyumba yake mwenyewe, bila kuitwa "boi". Alikuwa amesikia habari za Waorthodoksi weusi wa Marekani, wafuasi wa Marcus Garvey, akaandika barua. Kutoka Afrika Kusini akaja askofu mkuu wao, Daniel William Alexander, akamtawaza upadri mwaka 1932.

Mambo yakaharibikia kwenye ubatizo. Mgiriki mmoja wa Kampala alimwomba Alexander ambatizie mtoto, na taratibu alizoziona hazikufanana hata kidogo na za kwao. Kwa Wagiriki mtoto huzamishwa majini mara tatu na kupakwa mafuta. Fikiria aibu ya Spartas: ameacha Waingereza, amejitangaza Mworthodoksi, kisha Mworthodoksi halisi anamwambia huu si Uorthodoksi. Wengine wangekata tamaa au wangekasirika. Yeye aliachana na Alexander, akamtafuta padri Mgiriki Nikodemos Sarikas huko Tanganyika, akapeleka ombi kwa Patriaki wa Aleksandria, mkuu wa Waorthodoksi wa Afrika. Alikubaliwa mwaka 1946.

Nchini Kenya, Alexander alifundisha mapadri kati ya 1935 na 1937, miongoni mwa Wakikuyu wa shule huru, zilizojitenga na wamisionari. Arthur Gathuna alikuwa mmoja wao. Waingereza walipotangaza Hali ya Hatari mwaka 1952, makanisa yao yakafungwa, naye akatiwa kizuizini.

Askofu Mkuu Makarios III wa Cyprus naye alikuwa amefungwa na Waingereza hao hao, Ushelisheli, mwaka 1956. Mwaka 1971, akiwa rais, alimtembelea Kenyatta, akabatiza maelfu na kuanzisha ujenzi wa seminari ya Riruta, iliyofunguliwa 1982. Seminari ina jina lake, na anastahili. Lakini Spartas na Gathuna, waliolipia imani hii kabla yake, nje ya kanisa lao ni wachache wanaowataja, na hilo ni deni letu, si la Wagiriki.

Sasa kuna mgogoro mwingine. Aleksandria ilipolitambua kanisa jipya la Ukraine, lisilo chini ya Moscow, mwaka 2019, Kanisa la Warusi lilikasirika. Desemba 2021 Warusi wakaanzisha jimbo lao Afrika, wakisema mapadri 102 wa nchi nane wameomba kujiunga. Wakenya wamo.