Maktaba ya Pamoja: Historia ya Istilahi na Kosa Lililoizunguka

Hivi karibuni mfasiri mmoja wa ofisi ya umma alituletea ujumbe wa kompyuta uliokuwa umemtatiza. Ofisi yake ilikuwa ikitumia programu ya zamani ya kutunzia orodha ya majalada ya masijala. Kompyuta ilipobadilishwa, programu hiyo ilikataa kuanza, ikatoa ujumbe kwamba libstdc++.so.5 haikuweza kufunguliwa kwa kuwa hakuna faili wala saraka yenye jina hilo. Ujumbe huo ulikuwa umekwisha kufasiriwa kwa maneno matatu tu: "Faili lako halipo". Makarani wakashinda siku mbili wakitafuta jalada lililopotea, hali majalada yote yalikuwa salama katika diski. Kilichokosekana si mali ya makarani, bali ni maktaba ya pamoja. Kwa sababu hiyo tumeona vema tuieleze asili ya istilahi hiyo.

Neno maktaba tumelipokea kutoka Kiarabu, nalo ni ndugu wa kitabu, katibu na mkataba. Wako wenzetu wanaodai kwamba kulitumia katika taaluma ya kompyuta ni tafsiri sisisi, na kwamba ghala au bohari yangefaa zaidi. Historia haiwaungi mkono. Kompyuta ya EDSAC ilipoanza kazi mwezi Mei 1949 katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, watumiaji wake waliona upesi kwamba kila mmoja alikuwa akiandika upya hesabu zile zile, kama vile kutafuta kipeo cha pili cha namba au kuchapa jibu. Basi vijiprogramu vilivyokwisha kujaribiwa vilitobolewa katika tepu za karatasi, vikawekwa katika kabati. Aliyekihitaji kimojawapo alikitoa, akakinakili katika tepu ya programu yake, kisha akakirudisha. Wilkes, Wheeler na Gill waliueleza utaratibu huo katika kitabu chao cha mwaka 1951. Kabati lile lilikuwa maktaba kwa maana ile ile aijuayo kila mwalimu, ila kilichoazimwa hakikuwa kitabu.

Lakini kunakili kuna gharama. Programu mia moja zikinakili kijiprogramu kimoja, kumbukumbu ya mashine hubeba nakala mia moja. Na kikigunduliwa kuwa na kosa, sharti programu zote mia zijengwe upya. Mradi wa Multics, ulioanzishwa nchini Marekani katika miaka ya 1960, ulichukua njia nyingine: programu isibebe nakala, bali itaje jina tu, na sehemu itajwayo iungwe nayo wakati programu inapoendeshwa. Mifumo ya jamii ya Unix ilichelewa kuifuata njia hiyo. SunOS 4.0 ilikuja nayo mwaka 1988. Katika Linux ya miaka ya mwanzo kila maktaba ya pamoja ilipaswa kugawiwa anwani yake maalumu katika kumbukumbu, mithili ya viwanja vilivyopimwa, mpaka muundo mpya wa faili uitwao ELF ulipoiondoa adha hiyo katikati ya miaka ya 1990.

Hapa ndipo panapozaliwa kosa letu. Programu iliyotaja jina badala ya kubeba nakala inategemea jina hilo lipatikane. Nalo jina lina namba mwishoni, na namba hiyo si pambo: watunzi wa maktaba wanapoibadili kiasi kwamba programu za zamani haziwezi tena kuelewana nayo, hupandisha namba. Maktaba ya lugha ya C++ iliyotajwa hapo juu ilitoka 5 ikawa 6 mwaka 2004, pamoja na toleo la 3.4 la GCC. Waundaji wa mfumo huendelea kuitunza namba ya zamani kwa miaka kadhaa, kisha huiacha. Kinyume chake, maktaba kuu ya C katika Linux imekuwa libc.so.6 tangu mwaka 1997, kwa kuwa watunzi wake walichagua kuhifadhi ndani yake matoleo ya zamani ya kila kazi iliyobadilika. Ni subira ya kusifiwa.

Sasa turudi kwenye istilahi. Baadhi ya wafasiri huandika maktaba shirikishi. Hatuikubali. Shirikishi ni sifa ya kitu kinachowafanya watu washiriki, kama vile mafunzo shirikishi. Maktaba hii haimshirikishi mtu, bali hutumiwa na programu nyingi, kama kisima cha pamoja kitumiwavyo na kaya nyingi. Kwa hiyo tunapendekeza maktaba ya pamoja. Na ile programu ndogo itafutayo maktaba hizo na kuzipandisha katika kumbukumbu tunapendekeza iitwe kipakizi, kwa kuwa kiunganishi kimekwisha kutwaliwa na sarufi, na mwalimu hapendi kukieleza mara mbili.

Kuhusu tiba, fundi huanza kwa amri ya ldd, ambayo huorodhesha maktaba zote zinazohitajiwa na programu na kuonyesha ipi haikupatikana. Isitumiwe kwa programu isiyoaminika. Kisha hutafuta kifurushi chenye namba ile ile ya zamani. Aghalabu programu ni ya biti 32 na mfumo ni wa biti 64. Katika Debian, tangu toleo la 7 la mwaka 2013, maktaba za aina zote mbili zaweza kukaa pamoja. Maktaba iliyokwisha kuachwa huwekwa katika saraka ya pekee, na kipakizi huelekezwa huko kwa ajili ya programu hiyo moja tu. Tahadhari hii ni ya lazima hasa kwa maktaba za usalama: OpenSSL 1.1.1 iliacha kupewa marekebisho ya bure kwa umma mwezi Septemba 2023, na kuirudisha kwa mfumo mzima ni kufungua mlango.

Wapo wanaochukua maktaba ya namba mpya na kuibandika jina la namba ya zamani. Kipakizi chaweza kudanganyika, programu ikaanza, kisha ikaanguka katikati ya kazi, au, vibaya zaidi, ikaendelea na kuandika takwimu zisizo sahihi. Karani hataonywa na yeyote.

Kwa ujumbe wenyewe, tulimpa mfasiri yule maneno haya: "Programu haikuweza kuanza: maktaba ya pamoja libstdc++.so.5 haikupatikana katika mfumo huu. Mwite fundi."