Chuo cha Kimathi na mkulima wa Nyeri

WAKAZI wa Nyeri walipochanga fedha za harambee mapema miaka ya 1970, walitaka chuo ambamo vijana wao wangejifunza ufundi. Taasisi ya Kimathi ilianza mwaka wa 1972. Mwaka wa 2007 ikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta (JKUAT), na Desemba 2012 Rais Mwai Kibaki, mzaliwa wa Othaya, akaipa hati ya kuwa chuo kikuu kamili: Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi.

Waliochanga, na wajukuu wao, wana haki ya kuuliza wamepata nini zaidi ya shahada.

Jibu lililo karibu zaidi ni kahawa. Chuo kina shamba lake la mibuni, na hakikomei kwenye kuchuma. Huikaanga kahawa hiyo, huisaga, huipakia na kuiuza kwa jina lake. Si jambo dogo katika eneo ambalo mkulima hupeleka matunda mekundu kwenye kiwanda cha chama cha ushirika, kisha husubiri miezi kadhaa malipo yaliyokwisha kukatwa gharama za kuosha, kukausha, kukoboa na za wakala anayeuza mnadani Nairobi. Takriban kilo 6 au 7 za matunda ndizo hutoa kilo moja ya kahawa safi. Anayeikaanga na kuitia katika pakiti huuza kwa bei ambayo mkulima haioni kamwe.

Hata hivyo, shamba la chuo ni la chuo. Mkulima wa Tetu au Mathira hanufaiki kwa sababu tu jirani yake anakaanga kahawa vizuri. Atanufaika iwapo chama chake kitapata mtu wa kukifundisha kupima unyevu, kuonja kikombe na kudumisha ubora ule ule msimu hadi msimu. Hapo ndipo ushirikiano wa kweli hupimwa.

Upande wa viwanda, ndani ya uwanja wa chuo ipo kampuni ya Semiconductor Technologies Limited, iliyoanzishwa na Anthony Githinji, inayotengeneza chipu za kielektroniki. Kampuni hupata wahandisi karibu nayo, nao wanafunzi huona kazi ambayo zamani waliisoma vitabuni tu. Mei 2024, Rais William Ruto alipozuru Marekani, nchi hiyo ilitangaza kuwa ingeshirikiana na Kenya katika sekta hiyo, ikiwa ya kwanza barani Afrika kuchaguliwa chini ya mpango huo. Sifa ni kubwa, ila kiwanda cha aina hiyo huajiri wachache wenye ujuzi wa juu.

Watafiti wa chuo, akiwemo Ciira Maina, wametumia pia vifaa vya bei nafuu kupima kina cha maji katika Mto Muringato, na kamera kuwatambua wanyama katika hifadhi ya chuo. Kwa mji unaotegemea mito ya Aberdare na Mlima Kenya, takwimu za maji zina thamani kuliko zinavyoonekana.

Kwingineko mlimani, Karatina na Chuka zilipata hati mwaka wa 2013, na Kirinyaga mwaka wa 2016. Vyote vimezungukwa na mashamba ya chai, kahawa au mpunga, na wakulima walio jirani navyo wanasubiri jibu la swali lile lile.