Unatumia dawa gani? Ulizo la munganga wa meno mbele ya kung'oa jino

Mutu wa Kikula, Panda ao Shituru anafika kwa munganga wa meno akishika shavu. Usiku muzima hakulala, anataka jino litoke, basi. Munganga anamuuliza: «Unakunywa dawa gani nyumbani?» Wengi wanajibu: «Hakuna.» Kumbe kwenye sakoshi muko vidonge vya tansio na aspirini ya kila asubui. Kwa mawazo yao, dawa ya moyo haina kazi na meno.

Iko na kazi, tena kubwa. Mutu aliyeandikiwa dawa ya kufanya damu isigande, kama Sintrom ao warfarini, anaweza kutoka damu kwa saa nyingi kisha jino kutoka. Aspirini nayo inapunguza nguvu ya damu kuganda, na kazi yake inabakia mwilini karibu juma moja.

Hapo njo wengine wanakosea: wanaacha dawa wao wenyewe siku tatu mbele ya kuja. Hapana kufanya vile. Damu inaweza kuganda ndani ya mushipa wa kichwa ao wa moyo, na ile inaua kuliko kidonda cha jino. Kwa mutu wa Sintrom, munganga anaomba kwanza kipimo cha damu kinachoitwa INR. Kama labo ya karibu haina, anaweza kukutuma Lubumbashi, kilometa karibu 120. Kipimo kikiwa kizuri, mara nyingi jino linatoka bila kuacha dawa: munganga anashona kidonda na kukifinya na kompresi.

Hatari ingine inatoka farmasi. Jino likivimba, watu wanajinunulia Flagyl (metronidazoli) na ibuprofeni bila ordonansi. Flagyl inaongeza sana nguvu ya Sintrom, na mutu anaweza kutoka damu hata bila kung'olewa kitu. Ibuprofeni nayo inaweza kupandisha tansio.

Kuna pia dexa, ile wanawake wengine wanakunywa juu ya kunenepa. Wanaificha, sababu ya haya. Lakini inapunguza nguvu ya mwili ya kupigana na mikrobe, inapandisha sukari, na kinywa kinaweza kujaa utando mweupe. Aliyeikunywa kwa majuma mengi asiikate mara moja. Aseme kwa munganga, hata kwa sauti ya chini.

Dawa zingine zinaharibu kinywa pole pole. Nifedipini, na mara chache amlodipini, zinaweza kuvimbisha ufizi mpaka ufunike meno. Kupiga buroshi muzuri kunasaidia. Tetrasiklini, ile «tetra» ya sokoni, inachafua meno ya mutoto aliye chini ya miaka 8 ao aliye tumboni, na rangi ile haitoke na buroshi.

Mwenye sukari asije na njaa: akule na atumie dawa yake kama kawaida.

Kusema «vidonge vyeupe» hakumusaidie munganga, karibu vyote ni vyeupe. Leta pakiti zenyewe, pamoja na dawa za miti shamba.

Kisha jino kutoka, uma kompresi kwa nguvu dakika 20 mpaka 30. Usisukutue siku ile, usiteme-teme mate. Damu ikiendelea, finya tena. Ikikataa kusimama, rudia siku ile ile, hata kama ni usiku.