Seva ya programu ni nini, na kwa nini sehemu zake hukabidhiwa vitendea kazi?

Ukifika kituo cha afya chenye mfumo wa kompyuta, karani huandika namba ya kadi yako, na baada ya sekunde chache jina lako na dawa ulizopewa mara ya mwisho huonekana kwenye kioo. Mara nyingi taarifa hizo hazimo ndani ya kompyuta iliyo mezani. Zimeombwa kutoka kompyuta nyingine iitwayo seva, ambayo huenda iko chumba cha pili au mji mwingine. Ndivyo ilivyo pia unapotumia simu kuangalia akiba yako katika chama cha akiba na mikopo.

Makala hii inaeleza jinsi programu za seva za namna hiyo zinavyojengwa, na utaratibu mmoja wa ujenzi uliobadilisha kazi hiyo tangu miaka ya mwanzo ya 2000. Utaratibu huo ni jambo la mafundi, lakini matokeo yake humfikia mgonjwa na mwanachama: ndio unaoamua kama mfumo unaweza kurekebishwa sehemu moja bila kuharibu nyingine.

Ni kazi gani hufanyika ndani ya seva?

Ombi moja la karani hupitia mikono mingi. Kuna sehemu ya programu inayopokea ombi, na nyingine inayohakikisha kuwa karani ana ruhusa ya kuona faili hilo. Kuna inayokagua kama namba iliyoandikwa ni sahihi, inayotafuta taarifa kwenye hifadhidata, na inayoweka kumbukumbu ya nani alifungua nini na saa ngapi. Wakati huohuo makarani wengine wanatuma maombi yao.

Programu inayosimamia shughuli hizi zote kwa watumiaji wengi kwa wakati mmoja huitwa seva ya programu. Kwa lugha ya kompyuta ya Java, Tomcat ni mojawapo ya zinazotumika sana. Mafundi wa taasisi huandika sehemu zao, kisha huziweka ndani yake ili zifanye kazi.

Tatizo ni sehemu inayojitengenezea kila kitu

Hakuna sehemu inayofanya kazi peke yake. Sehemu ya kusajili wagonjwa inahitaji hifadhidata, kikagua namba na kitu cha kutuma ujumbe. Swali ni moja: inavipata wapi?

Njia ya kwanza ni kuiacha ijitafutie. Ndani ya maandishi yake fundi anaandika: fungua hifadhidata ya aina fulani, iliyo mahali fulani, tumia kampuni fulani ya kutuma ujumbe. Mfumo unafanya kazi vizuri siku ya kwanza. Lakini hospitali ikibadilisha hifadhidata, fundi analazimika kuifungua sehemu ya usajili, sehemu ya dawa, sehemu ya maabara na kila sehemu nyingine iliyotaja hifadhidata ya zamani. Akisahau moja, kosa litajitokeza mgonjwa akiwa dirishani.

Njia ya pili tunaweza kuiona kwenye mashine ya kusaga nafaka. Mashine nyingi za vijijini zimeunganishwa na injini ya dizeli kwa mkanda. Mashine haijui kama inazungushwa na dizeli au umeme. Inachohitaji ni puli yake izungushwe kwa kasi inayofaa. Umeme ukifika kijijini, fundi huondoa injini, huweka mota, hurudisha mkanda, na unga unaendelea kutoka. Kama injini ingekuwa imechomelewa ndani ya mashine, mwenye mashine angelazimika kununua mashine mpya.

Katika programu, sehemu ya usajili nayo inaweza kuandikwa hivyo. Inatangaza tu: nahitaji kitu chenye uwezo wa kuhifadhi taarifa za mgonjwa, na kitu chenye uwezo wa kukagua namba. Haisemi ni kipi. Seva inapowashwa, kuna msimamizi anayesoma orodha ya mahitaji hayo, anaunda kila kitu kinachohitajika, kisha anakikabidhi kwa sehemu iliyokiomba. Msimamizi huyo, ambaye naye ni programu, mafundi humwita kontena. Utaratibu wenyewe wanauita dipendensi injeksheni. Kwa Kiswahili cha kawaida, ni kukabidhi vitendea kazi: mfanyakazi hajinunulii jembe, anakabidhiwa anapoanza kazi.

Utaratibu huu ulitoka wapi?

Mwishoni mwa miaka ya 1990, kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani ilitoa kanuni za kujenga programu za taasisi kubwa kwa lugha ya Java. Toleo la kwanza la kanuni hizo lilitoka Desemba 1999. Lilikuwa na nguvu, lakini lilikuwa mzigo. Kwa kazi ndogo tu, fundi alilazimika kuandika mafaili kadhaa yanayotegemeana, na sehemu alizoandika hazikuweza kujaribiwa kwa urahisi nje ya seva nzito.

Mwaka 2002, Rod Johnson, mtaalamu kutoka Australia, alichapisha kitabu kilichoonyesha kuwa kazi nyingi kati ya hizo zingeweza kufanywa kwa njia nyepesi, na akaambatanisha programu ya mfano. Wasomaji wake wawili, Juergen Hoeller na Yann Caroff, walimshawishi aigeuze programu hiyo kuwa mradi wa wazi, ambao mtu yeyote angeweza kuutumia na kuurekebisha. Mradi ukaitwa Spring, neno la Kiingereza lenye maana ya majira ya kuchipua, kwa maana kwamba ulikuja baada ya baridi kali ya njia ya zamani. Toleo lake la 1.0 lilitoka Machi 2004.

Januari mwaka huohuo, mwandishi wa masuala ya programu Martin Fowler, mzaliwa wa Uingereza, alieleza utaratibu huo kwa maandishi na kuutangaza kwa jina la dipendensi injeksheni. Mwaka 2007 kampuni ya Google ikatoa kontena lake, Guice. Kufikia Desemba 2009, kanuni rasmi za Java zenyewe zilikuwa zimeupokea utaratibu huo. Leo kanuni hizo ziko chini ya taasisi ya Eclipse Foundation, na zinaitwa Jakarta EE.

Mfano kutoka Eldoret

Afrika Mashariki ina mfano wa karibu. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret magharibi mwa Kenya, kilianza kutumia mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wagonjwa. Ulijengwa juu ya Microsoft Access, programu ndogo ya hifadhidata. Huduma za wagonjwa wa Virusi vya Ukimwi zilipopanuka, mfumo mkubwa zaidi ulihitajika.

Mwaka 2004 wataalamu wa taasisi ya Regenstrief ya Indiana, Marekani, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Moi, walianza kujenga mfumo mpya uitwao OpenMRS. Shirika la Partners In Health lilijiunga nao. Mfumo ulianza kutumika Eldoret Februari 2006, na mwaka huohuo ukafika Rwanda. Mifumo ya KenyaEMR nchini Kenya na UgandaEMR nchini Uganda imejengwa juu yake. OpenMRS imeandikwa kwa Java, na vitendea kazi vyake hukabidhiwa na Spring.

Tuchukue sehemu yake ndogo: kukagua namba ya mgonjwa. Karani akikosea tarakimu moja, anaweza kufungua faili la mtu mwingine, na dawa ikaandikwa kwa mgonjwa asiyehusika. Kwa hiyo namba nyingi huongezewa mwishoni tarakimu ya uhakiki, inayotokana na hesabu ya tarakimu zilizotangulia.

Hesabu moja maarufu ni ya Hans Peter Luhn wa kampuni ya IBM, aliyepewa hataza yake Marekani mwaka 1960. Kwa hesabu hiyo, namba 2047 hupata tarakimu ya uhakiki 9, hivyo kadi husomeka 20479. Karani akigeuza kwa bahati mbaya na kuandika 20749, mfumo unakataa, kwa sababu 2074 ilipaswa kuishia na 3. Hesabu ya Luhn hunasa kila kosa la tarakimu moja. Kwa tarakimu mbili jirani zilizobadilishana nafasi, hunasa karibu zote, isipokuwa 09 ikiandikwa 90 au 90 ikiandikwa 09. Hesabu nyingine, iliyochapishwa mwaka 1969 na Mholanzi Jacobus Verhoeff, hunasa na hizo pia.

OpenMRS inazo zote mbili. Sehemu inayosimamia wagonjwa haikuandikiwa Luhn wala Verhoeff ndani yake; inakabidhiwa orodha ya vikagua namba. Nchi au mradi wenye namba za aina yake unaweza kuandika kikagua chake, ukakiweka kwenye orodha, na sehemu ya wagonjwa isiguswe hata mstari mmoja. Kwa mfumo unaotumika katika nchi nyingi zenye kadi tofauti, hilo ndilo linalouwezesha kubaki mfumo mmoja.

Kujaribu bila kuwagusa wagonjwa

Faida nyingine ni majaribio. Fundi akitaka kuhakikisha kuwa mfumo unawakumbusha wagonjwa siku ya kurudi kliniki, hawezi kutuma ujumbe wa majaribio kwa wagonjwa halisi. Kama sehemu ya kukumbusha inakabidhiwa kitendea kazi cha kutuma ujumbe, wakati wa majaribio anaikabidhi cha bandia. Hicho hakitumi kitu. Kinaandika tu pembeni kwamba kimeombwa kutuma ujumbe gani na kwa nani. Vilevile hifadhidata ya wagonjwa hubadilishwa na ndogo yenye majina ya kubuni.

Majaribio kama hayo yanaweza kurudiwa mamia ya mara kila fundi anapobadilisha kitu. Kosa likionekana, linaonekana mezani kwa fundi kabla ya kufika kliniki.

Utaratibu huu una gharama zake

Kwanza, unahitaji mafundi waliofunzwa. Katika njia ya zamani, mtu aliyesoma sehemu ya usajili aliona palepale inatumia nini. Katika njia hii anaona tu kwamba inahitaji kitu fulani, na lazima atafute kwenye maagizo ya kontena ajue ni kipi hasa kinachokabidhiwa. Mradi ukimpoteza fundi wake na maagizo hayajaelezwa vizuri, anayemrithi atapata taabu.

Pili, maagizo yakiwa na kosa, mfumo unaweza kukataa kuwaka. Kitendea kazi kimoja kikikosekana, kontena huwa linasimamisha kila kitu. Hilo linaudhi, lakini ni afadhali kuliko mfumo unaowaka asubuhi na kukwama katikati ya foleni.

Tatu, taasisi nyingi zikisimama juu ya msingi mmoja, ufa mmoja huwa wa wote. Machi 2022 iligunduliwa dosari ya usalama ndani ya Spring iliyoweza kumpa mvamizi njia ya kuendesha amri zake kwenye baadhi ya seva. Haikutokana na kukabidhi vitendea kazi, bali na jinsi Spring ilivyopokea taarifa zilizotumwa na watumiaji. Matoleo yaliyorekebishwa yalitolewa tarehe 31 mwezi huohuo, lakini rekebisho humlinda tu aliyeliweka.

Na kuna yasiyotibiwa na utaratibu huu hata kidogo. Hauleti mtandao pale usipofika, wala umeme ukikatika.

Maswali ya kuuliza kabla ya kununua mfumo

Ukiwa mjumbe wa kamati ya zahanati, shule, ushirika wa mazao au chama cha akiba na mikopo, huhitaji kujua Java ili kumhoji anayekuuzia mfumo. Yapo maswali manne yanayotosha kuanzia:

Tukibadilisha kampuni ya kutuma ujumbe au ya malipo kwa simu, ni sehemu ngapi za mfumo zitaandikwa upya? Jibu zuri ni moja, pamoja na maagizo ya kuiunganisha.

Mnajaribu mabadiliko wapi? Jibu lisiwe "kwenye mfumo wenyewe, usiku watu wakilala." Pawepo mazingira ya majaribio yasiyo na taarifa za watu halisi.

Nani ataweka marekebisho ya usalama, na kila baada ya muda gani? Jina na ratiba viandikwe kwenye mkataba.

Mkiondoka, fundi mwingine ataelewaje mfumo? Maelezo ya maandishi, yakiwemo maagizo ya nani anakabidhiwa nini, yabaki kwenu.

Muuzaji anayejua kazi yake atayajibu kwa lugha mnayoielewa. Akishindwa swali la kwanza, huenda anawauzia mashine ambayo injini yake imechomelewa ndani, na gharama ya kuibadilisha italipwa na wanachama.