Farrokh Bulsara, Mzaliwa wa Unguja

Mwaka 2006 palizuka mabishano Unguja. Ilikuwa imeandaliwa sherehe ya kutimia miaka 60 tangu alipozaliwa mwimbaji Freddie Mercury. Kikundi cha dini kikapinga kwamba mwenendo wake haukubaliani na maadili ya visiwa hivi, na sherehe ikavunjwa. Wakati huo huo wenye biashara ya watalii walikuwa wamekwisha kulitundika jina lake milangoni. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zilisahau kuuliza jambo la kwanza, nalo ni asili yake.

Alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba, 1946, akaitwa Farrokh Bulsara. Wazee wake walikuwa Waparsi wa Gujarat, wafuasi wa dini ya Zoroasta. Baba yake alikuwa karani wa fedha katika utumishi wa Waingereza, na makarani, kama tujuavyo wenyewe, hujinyima ili watoto wasome. Mtoto akapelekwa shule ya bweni Panchgani, India, angali na miaka 8. Huko alijifunza piano, na mwaka 1958 akaunda bendi na wanafunzi wenziwe. Safari ya Bara Hindi haikuwa ngeni kwa waimbaji wa Unguja: Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kutia nyimbo zake katika santuri. Lakini Siti alikwenda na Kiswahili chake akarudi nacho. Farrokh alirejea mwaka 1963, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 jamaa zake wakahamia Uingereza.

Alisomea sanaa ya uchoraji Ealing, London. Mwaka 1970 aliungana na Brian May na Roger Taylor, akaipa bendi jina la Queen, yaani Malkia, na yeye mwenyewe akajiita Mercury, jina la tarishi wa miungu ya Warumi. John Deacon akajiunga mwaka 1971. Mwaka 1975 ukatoka “Bohemian Rhapsody”, utungo wake mwenyewe wa karibu dakika 6, usio na kiitikio, uanzao kwa upole, ukapanda kwenye sauti nyingi zilizorundikwa juu ya sauti, kisha ukalipuka kwa magitaa. Mtunzi yeyote wa mashairi atautambua ujasiri huo. Ulishika nafasi ya kwanza Uingereza kwa wiki 9. Tarehe 13 Julai, 1985, katika tamasha la kuchangia wenye njaa wa Ethiopia, aliushika uwanja mzima wa Wembley kwa dakika 20 tu.

Hatuisikii taarabu katika nyimbo hizo, na adaiye kuisikia anajidanganya. Mwenyewe alikuwa mchache wa maneno kuhusu Unguja. Walimu wakimfundisha, basi wamfundishe pamoja na habari za Waparsi wa Unguja, ambao vitabu vya shule vimewapita kimya.

Alifariki London kwa UKIMWI tarehe 24 Novemba, 1991, siku moja baada ya kuutangaza ugonjwa wake, akiwa na miaka 45. Mazishi yake yalisomewa sala za Kizoroasta, dini ya wazee wake.