Utando wa nanokompositi unaojilainisha

Utando wa nanokompositi unaojilainisha ni tabaka jembamba, kwa kawaida la mikromita chache, linalowekwa juu ya chuma ili kupunguza msuguano na kulika bila oili wala grisi. Una sehemu mbili: kiunzi kigumu, mathalani nitridi ya titani au kaboni inayofanana na almasi, na chembe za kilainishi kikavu zisizofikia nanomita 100. Kiunzi hubeba mzigo. Utando unapolika, chembe zilizofichika hujitokeza na kutandaa juu ya nyuso zinazosuguana.

Vilainishi na hali ya hewa. Grafiti na disulfidi ya molibdeni zimeundwa kwa matabaka yanayoteleza kama karata, lakini mahitaji yake yanapingana. Grafiti hutaka unyevu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, burashi za kaboni za jenereta za ndege ziliisha upesi kwenye hewa kavu ya juu angani. Disulfidi ya molibdeni hufanya vyema pakavu, ambako kizio chake cha msuguano huweza kushuka chini ya 0.05, lakini unyevu huioksidisha na kuipunguzia utelezi.

Saudia. Nchi hii ina mazingira yote mawili. Al-Hindawiyah, mtaa wa Jeddah ulio kusini mwa mji wa kale, hupata hewa yenye unyevu na chumvi ya Bahari ya Shamu. Riyadh ni kavu, na kiangazi joto huweza kupita nyuzi 45 za Selsiasi. Kote huko kuna vumbi lenye kwazi, madini ya ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs. Likinaswa na grisi, hukwangua beringi ambayo grisi ilikusudiwa kuilinda. Huko Dhahran, watafiti wa Chuo Kikuu cha Mfalme Fahd cha Mafuta na Madini wamechunguza tando za polietilini zilizoimarishwa kwa nanotyubu za kaboni.

Tando za kinyonga. Huko Ohio, Marekani, Andrey Voevodin na Jeffrey Zabinski waliunganisha kaboni, disulfidi ya molibdeni na dhahabu katika utando mmoja. Kama kinyonga, utando huo hubadilika kulingana na mazingira: kaboni hulainisha penye unyevu, disulfidi pakavu, na dhahabu kwenye joto kali.

Mipaka. Kilainishi kikizidi, utando hulegea; kikipungua, msuguano hupanda. Utando uliokwisha hauongezwi kama grisi, bali kifaa hufunguliwa na kupakwa upya. Pwani, vitundu vyake hupitisha chumvi hadi kwenye chuma. Hivyo utando wa Jeddah hauna budi kuzuia kutu kwanza, ndipo ulainishe.