Nyayo za Laetoli na Picha Zake: Kutoka Brashi hadi Kompyuta

Michoro ya zamadamu wa Laetoli imesambaa sana katika vitabu na makumbusho ya dunia, na mingi kati yake inarudia dai moja: kwamba walioacha nyayo zao kwenye majivu ya volkano mahali hapo walikuwa mume, mke na mtoto wao. Dai hilo halikufukuliwa ardhini. Lilizaliwa mezani kwa wachoraji, na limeanza kulegea baada ya nyayo zenyewe kupimwa kwa kompyuta.

Laetoli iko ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, takribani kilomita 45 kusini mwa Bonde la Olduvai. Mwaka 1974 Maundu Muluila aliokota hapo taya LH 4, ambalo baadaye lilifanywa kielelezo rasmi cha spishi ya Australopithecus afarensis. Mwaka 1976 Andrew Hill aliona nyayo za wanyama, na mwaka 1978 Paul Abell akaona alama ya kisigino cha zamadamu. Ndibo Mbuika, ambaye hatajwi mara nyingi, alikuwa miongoni mwa waliofukua mwanzoni njia hiyo ya nyayo, chini ya uongozi wa Mary Leakey. Eneo hilo, linaloitwa G, lilitoa nyayo zipatazo 70 katika urefu wa karibu mita 27, zenye umri wa miaka milioni 3.66. Watembeaji walikuwa watatu: G1 mwenye mguu mdogo, G2 mwenye mguu mkubwa, na G3 aliyekanyaga ndani ya nyayo za G2.

Aprili 1979 jarida la National Geographic lilichapisha makala ya Leakey pamoja na mchoro wa Jay Matternes. Mwaka 1993 Makumbusho ya Marekani ya Historia Asilia, New York, yaliweka sanamu mbili za watembeaji hao: dume amemzungushia jike mkono mabegani. Hoja ilikuwa kwamba njia mbili zimekaribiana mno kiasi kwamba wawili hao lazima waligusana. Hoja hiyo haina uzito. Unyayo hauandiki mkono ulikuwa wapi, mguu mdogo si lazima uwe wa jike, na mtembeaji wa tatu ameachwa nje ya onyesho zima. Kilichoonyeshwa ni ndoa ya karne ya 20 iliyovikwa manyoya.

Nyayo hizo zilifunikwa kwa mchanga na mawe mwaka 1979, lakini mbegu za migunga zikaota juu yake na mizizi ikatishia kuzipasua. Idara ya Mambo ya Kale na Taasisi ya Getty zilizifukua tena, zikazihifadhi na kuzifukia upya katikati ya miaka ya 1990. Wamasai wa eneo hilo walishirikishwa, na mwaka 1996 laiboni, kiongozi wao wa kidini, aliongoza tambiko la kulinda mahali hapo. Katika kazi hiyo nyayo zilirekodiwa kwa fotogrametri: picha nyingi hupigwa kutoka pembe mbalimbali, nukta zinazofanana hulinganishwa, kisha kina cha kila nukta hukokotolewa. Hutokea umbo la pande tatu lenye rangi zinazobadilika kadiri ya kina, picha ambayo haijachukua lolote kutoka kwenye ndoto ya mchoraji.

Mwaka 2016 ndio uliobadilisha mjadala. Matthew Bennett na wenzake walitumia mbinu ya kompyuta kutenganisha nyayo za G2 na G3, na yule wa tatu aliyepuuzwa akapata umbo lake. Desemba mwaka huohuo, Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Italia, walitangaza eneo S, mita 150 hivi kutoka G, lililogunduliwa wakati wa tathmini ya athari za ujenzi wa makumbusho uliokuwa umependekezwa. Hapo walipita watu wawili zaidi, na mmoja, S1, alikadiriwa kuwa na kimo cha sentimita 165, mrefu kuliko wote wa G. Dawid Iurino, mmoja wa jopo hilo, aligeuza vipimo hivyo kuwa mchoro wa kikundi chenye dume mrefu, kwa tafsiri kwamba jamii ile ilikuwa ya dume mmoja na majike kadhaa. Tafsiri hii nayo inaweza kupingwa, kwa kuwa jinsia haisomeki moja kwa moja kwenye unyayo. Hata hivyo inastahili kusikilizwa, kwa sababu imeanza na vipimo na imewahesabu wote watano.

Mwaka 2021 jopo alilokuwamo Charles Musiba lilionyesha kwamba nyayo za eneo jingine la Laetoli, A, zilizodhaniwa kuwa za dubu, ni za zamadamu wa aina nyingine.

Tangu 2018 Ngorongoro-Lengai ni jiopaki ya UNESCO inayofika hadi Karatu, mji ambao wageni wengi hupitia kabla ya kuingia hifadhini. Karatu ndipo panapofaa onyesho la michoro mipya ya Laetoli. Wachoraji wa Tanzania wapewe maumbo ya kompyuta ya G, S na A, na kila mchoro utundikwe kando ya vipimo vyake, ukiwa na mwaka wake na maelezo ya kipi kimepimwa na kipi kimebuniwa. Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, vyuo na wasanii wanaweza kuianza kazi hiyo sasa.